Kidonda cha Miaka 30 Huanzia Mgongoni mwa Mama

Mama akienda shambani na mwanawe mgongoni, kanga humfunika mtoto karibu mwili wote. Hubaki nje utosi, masikio, shingo kwa nyuma, mikono inayoning'inia pembeni na nyayo mbili chini ya pindo. Mama anapoinama kupalilia, shingo ya mtoto aliyesinzia huelekea moja kwa moja kwenye jua la saa nne. Wakirudi nyumbani saa saba, mtoto mwenye ngozi nyeusi atakuwa na jasho na kiu. Mtoto mwenye ualbino atakuwa ameungua.

Kuungua kwenyewe hakutishi. Ni wekundu nyuma ya masikio, malengelenge mawili matatu, kilio wakati wa kuoga. Bibi atasema ni joto na atampaka mafuta ya nazi. Baada ya siku chache ngozi ya juu itabanduka, itatokea nyingine laini, na jambo litasahaulika. Palizi ya pili itafika, na mtoto atapanda tena mgongoni.

Mwaka 1985 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Luande na wenzake, waliowachunguza watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam. Mambo mawili katika matokeo hayo yalistahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila wodi ya wazazi. La kwanza, madhara ya jua yalikwisha kuonekana kwenye ngozi za watoto wachanga katika mwaka wao wa kwanza. La pili, saratani zilizokwisha kukomaa ziliwapata zaidi watu wenye umri wa miaka thelathini na kitu. Kati ya la kwanza na la pili ipo miaka mingi, na katika kila hatua ya miaka hiyo yupo mtu aliyeweza kufanya jambo: mkunga, mzazi, mwalimu, mwajiri, mhudumu wa zahanati, na baadaye mwenye ngozi mwenyewe.

Tangu miaka ya 2000 dunia imesikia habari za mauaji na ukataji wa viungo vya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa na kwingineko. Kilio hicho kilikuwa cha haki na bado ni cha haki. Lakini wataalamu wa ngozi wamesema kwa miaka mingi kwamba adui anayeondoa wengi zaidi ni saratani ya ngozi, na huyo haandikwi gazetini. Watoto walipokusanywa katika vituo vya shule kama Buhangija mkoani Shinyanga na Kabanga mkoani Kigoma ili wawe salama, ukuta ulizuia panga. Jua liliingia na watoto.

Jua la hapa kwetu

Mwanga wa jua huja na mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni na ngozi haiihisi kama joto. Hiyo ndiyo inayopenya ndani ya seli na kuharibu vinasaba vyake. Seli hujirekebisha, lakini si kila mara, na si kikamilifu. Makosa yasiyorekebishwa hujumlishwa mwaka hadi mwaka, mpaka siku seli moja inapoanza kuzaliana bila kufuata amri ya mwili.

Kinga ya asili ni melanini, rangi inayoipa ngozi weusi wake. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1979 vilikadiria kwamba ngozi nyeusi, bila kupakwa chochote, ina kinga ya takribani 13 kwa kipimo cha SPF kinachotumika kwenye chupa za losheni ya kukinga jua, na ngozi ya Mzungu takribani 3. Mtu mwenye ualbino ana melanini kidogo sana au hana kabisa, na tofauti na Mzungu wa Ulaya ya Kaskazini, yeye amezaliwa Sengerema, Newala au Kilifi, karibu na Ikweta, ambako jua la adhuhuri husimama utosini.

Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha ukali wa mionzi hii. Kuanzia 3 mtu anashauriwa kujikinga, na kuanzia 11 mionzi huitwa kali kupita kiasi. Katika nchi zetu kufika 11 na kuzidi saa sita mchana ni jambo la kawaida kwa sehemu kubwa ya mwaka. Na hapa ndipo wengi wanapodanganyika, kwa sababu tumezoea kulipima jua kwa joto. Mkazi wa Makete au Lushoto huvaa sweta na kudhani jua halina nguvu, kumbe kila mtu anapopanda mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mionzi huongezeka kwa takribani asilimia 10. Wingu jepesi nalo huzuia kidogo tu. Mchanga mweupe wa ufukweni huirudisha mionzi juu, hivyo mtoto aliyekaa chini ya mwavuli pale Bagamoyo bado anaweza kuungua kidevu.

Alama rahisi ya kutumia haihitaji kifaa. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko urefu wako, mionzi ni mikali. Kwa mwaka mzima huo ni muda wa kuanzia kama saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na mwenye ualbino akijihesabia hadi saa kumi hatakuwa amekosea.

Idadi ya wanaohusika si ndogo. Ulaya na Amerika Kaskazini hukadiriwa mtu mmoja mwenye ualbino kwa kila watu 17,000 hadi 20,000. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa sana ni mmoja kwa kila watu 1,400. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu zaidi ya 16,000 nchini Tanzania, na ya Kenya ya mwaka 2019 iliandikisha 9,729. Hali hii hurithiwa kutoka kwa baba na mama kwa pamoja. Kwa kawaida wote wawili huwa weusi na hawajui kwamba wamebeba jeni hiyo, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ualbino. Inapotokea baba akamkana mtoto na kuondoka kwa madai kwamba mkewe ametoka nje ya ndoa, anayebaki kulima peke yake ni mama. Hana wa kumwachia mtoto, kwa hiyo mtoto naye hushinda shambani. Uongo mmoja kuhusu nasaba ya mtoto huishia kwenye ngozi yake.

Wodi ya wazazi

Siku ya kwanza ndiyo yenye thamani kubwa, na ndiyo tunayoipoteza kirahisi. Mkunga anayempokea mtoto mwenye ualbino ana dakika chache za kusema mambo machache kwa lugha ya kawaida: mtoto huyu ni wenu ninyi wawili, akili yake ni timamu, macho yake yatakuwa na uoni hafifu, na ngozi yake haiwezi jua. Mama akiondoka wodini na maneno hayo pamoja na kofia ya mtoto, tayari amepewa kinga.

Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, madaktari hawapendekezi kutegemea losheni. Kinga yake ni kivuli na nguo. Kofia laini yenye ukingo unaofika masikioni, soksi, mikono mirefu, na kanga ya pili inayotandazwa juu ya ile ya kubebea. Mama anayelazimika kwenda shambani aondoke alfajiri na kurudi kabla ya saa tatu na nusu, kisha amalizie jioni. Najua si kila shamba liko karibu na si kila bosi wa kibarua atakubali. Hata hivyo, mama akiokoa nusu ya saa za jua kali, amempunguzia mwanawe nusu ya mzigo wa mwaka ule, na katika umri huo kila mwaka una uzito.

Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando na ya alizeti hulainisha ngozi. Hayazuii mionzi. Kuyapaka kabla ya kutoka juani ni kumtoa mtoto bila kinga huku mama akiamini amemkinga.

Shule na kipara

Hatua inayoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni shule ya msingi, kwa sababu pale mtoto yuko mikononi mwa watu waliosoma.

Tazama ratiba ya mwanafunzi. Asubuhi mapema kuna usafi na paredi, na jua la saa hizo halina madhara makubwa. Saa nne ni mapumziko, na watoto wote wako uwanjani. Baadaye kuna kipindi cha michezo, kumwagilia bustani, kuchota maji, pengine kufyatua matofali ya darasa jipya. Kisha kuna safari ya kurudi nyumbani saa nane kwa miguu, na kwa watoto wengi wa vijijini safari hiyo si ya dakika 10. Juu ya yote hayo yako mavazi: shati la mikono mifupi, kaptula au sketi inayoishia magotini, na kichwa kilichonyolewa kipara kwa sababu ndiyo sheria ya shule. Kofia hairuhusiwi kwa sababu si sare.

Kwa mtoto mwenye ualbino, kila kipengele cha sare hiyo hufungua mlango mwingine wa jua. Nywele zake za rangi ya manjano zilikuwa zinaukinga utosi kidogo, nazo zimeondolewa. Nchini Australia, ambako saratani ya ngozi ni janga la taifa, shule nyingi za msingi zina sheria kwamba mtoto asiye na kofia haruhusiwi kucheza juani, na kampeni ya kuwahimiza watu wavae shati, wapake losheni na wavae kofia ilianza mwaka 1981. Kule mtoto huzuiwa kutoka kwa kukosa kofia. Hapa kwetu yupo mtoto anayechapwa kwa kuivaa.

Kubadilisha hili hakuhitaji bajeti. Mwalimu mkuu anaweza kumwandikia mzazi barua ya sentensi tatu: mtoto avae shati la mikono mirefu na suruali au sketi ndefu ya rangi ile ile ya sare, avae kofia ya pama, asinyolewe kipara. Kofia iwe pama yenye ukingo mpana wa angalau sentimita 8 kuzunguka kichwa chote. Kapelo hukinga paji la uso na pua, ikayaacha masikio na shingo, ambako ndiko saratani nyingi za kichwani huanzia. Na kitambaa kiwe kizito kidogo. Kinyanyue kuelekea dirishani, na ukiona mwanga unapita kati ya nyuzi, jua nalo litapita. Fulana kuukuu iliyolowa jasho haikingi kitu.

Sasa niseme juu ya macho, jambo ambalo katika mijadala ya saratani huachwa pembeni, nami naliona ndilo kiini.

Mtoto mwenye ualbino huzaliwa na uoni hafifu, na mboni zake huchezacheza bila yeye kutaka. Mwanga mkali humuumiza. Akikaa nyuma ya darasa haoni ubao. Akikaa mbele, kando ya dirisha, mwanga humtia machozi na jua humpiga shavu moja mchana kutwa. Mwalimu asiyejua humwita mzito wa kuelewa. Mtoto hufeli, na akifeli darasa la saba au kidato cha pili hurudi kijijini. Kazi iliyopo kijijini kwa asiye na cheti ni jembe, uvuvi, kuchunga, kuponda kokoto, kuuza mboga kando ya barabara. Zote ni za juani. Aliyepaswa kuwa karani, mhasibu, mwanasheria au fundi wa ndani ya jengo amepelekwa kufanya kazi ambayo mwili wake hauwezi, kwa sababu miaka kumi nyuma hakuna aliyemsogeza mbele ya ubao wala kumpatia miwani na kioo cha kukuzia maandishi.

Ndiyo maana nasema miwani ni kinga ya saratani. Nasema pia kwamba mwalimu wa darasa la kwanza anayemwandikia mtoto huyu herufi kubwa kwenye daftari lake anafanya kazi ya daktari. Wapo wenye ualbino waliopewa nafasi wakaonyesha uwezo wao. Jaji Mumbi Ngugi amefika Mahakama ya Rufani ya Kenya. Salum Barwany alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini kuwa mbunge mwaka 2010. Abdallah Possi, mwanasheria, aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015, kisha akawa balozi wa Tanzania nchini Ujerumani. Kazi zao ni za ndani ya jengo, na hilo peke yake limewapunguzia jua lililowafikia wenzao walioishia darasa la saba.

Ujana

Kati ya miaka 15 na 25 ndipo kijana huchoka kuambiwa. Kofia humtofautisha na wenzake, mikono mirefu ni joto, losheni humwachia weupe usoni. Anataka kucheza mpira saa tisa kama wengine, na pengine anataka kuendesha bodaboda kwa sababu ndiyo ajira iliyo wazi. Dereva wa bodaboda hukaa juani kutwa nzima akiwa amenyoosha mikono mbele. Migongo ya mikono ndiyo hupigwa kwanza.

Katika umri huu huanza kuonekana mabaka madogo ya ngozi ngumu kwenye masikio, pua, mdomo wa chini, shingo na migongo ya mikono. Ukiyapitishia kidole yanakwaruza kama msasa. Hayaumi. Yanabanduka na kurudi pale pale. Hayo bado si saratani, ila ni ngozi iliyo njiani kuelekea huko, na ndicho kipindi ambacho tiba ni nyepesi kuliko zote.

Katika kliniki ya ngozi yenye vifaa, tiba hiyo huchukua sekunde. Daktari huja na chombo cha nitrojeni ya kimiminika, ambayo baridi yake ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Mvuke mweupe hushuka kutoka mdomoni mwa chombo. Daktari huupuliza juu ya baka mpaka ngozi inageuka nyeupe na kuganda, husubiri iyeyuke, na wakati mwingine hurudia. Inachoma kidogo. Baadaye hutokea lengelenge, kisha gamba, na baada ya wiki mbili hivi gamba hudondoka na baka limekwenda nalo. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo kwa miguu yake. Kijana anayepimwa kila baada ya miezi sita na kuondolewa mabaka yake yanapoanza ana kila sababu ya kuzeeka.

Miaka thelathini

Asiyepata kliniki hiyo, hadithi yake huwa nyingine. Baka moja huacha kubanduka. Linapasuka, linakuwa kidonda, kidonda kinatoa majimaji na damu, kinafunga nusu na kufumuka tena. Hapo mtu hujaribu majani, unga wa vidonge, dawa ya duka la mtaani. Nauli ya kwenda hospitali ya rufaa haipo, na akienda atamwachia nani watoto? Anajifunga kitambaa na kuendelea na kazi, juani. Anapofika hospitali kidonda kimekula sikio au kimeingia mfupa wa shavu, na tezi za shingo zimevimba.

Saratani inayoongoza kwa watu wenye ualbino Afrika ni ile ya seli bapa za tabaka la juu la ngozi, na mara nyingi hutokea kichwani na shingoni. Kwa kawaida haina haraka kama saratani nyingine. Ikikatwa ingali ndogo, mtu hupona na kurudi kazini. Ikichelewa, huhitaji upasuaji mkubwa wa kubandika ngozi na wiki kadhaa za tiba ya mionzi katika hospitali chache zenye mashine, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam. Wiki hizo ni za kulala mbali na nyumbani, na wapo wanaoacha tiba katikati kwa kukosa fedha za kujikimu.

Kanuni ya kukumbuka ni fupi. Kidonda chochote kwenye ngozi ya mtu mwenye ualbino kisichopona kwa wiki nne kinastahili kuonwa na daktari, hata kama hakiumi. Hasa kama hakiumi.

Je, mtu wa miaka 35 aliyekulia juani akianza kujikinga leo anafaidika? Anafaidika. Katika mji wa Nambour, jimbo la Queensland, Australia, watafiti waliwagawa watu wazima 1,621 katika makundi mwaka 1992. Kundi moja lilipewa losheni ya kupaka kila siku, jingine liliachwa liendelee na mazoea yake. Waliopaka kila siku walipata saratani za seli bapa pungufu kwa takribani asilimia 40. Wale ni Wazungu, na walikuwa watu wazima waliokwisha kuungua tangu utotoni. Ngozi ikipunguziwa mashambulizi, kuna madhara ambayo hayafiki mwisho wake. Hakuna umri wa kukata tamaa.

Losheni, bei na Moshi

Losheni nzuri yenye SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya mionzi inayounguza, endapo imepakwa ya kutosha. Hapo kwenye kutosha ndipo penye tatizo. Kwa uso na shingo peke yake inahitajika losheni ya kujaza urefu wa vidole viwili, cha shahada na cha kati, na irudiwe kila baada ya saa mbili mtu akiwa nje. Mwenye chupa moja ya miezi mitatu hujipaka kidogo kidogo ili isiishe, na losheni iliyopakwa kidogo haikingi kile kilichoandikwa kwenye chupa. Chupa za kutoka nje zinazouzwa kwenye maduka ya dawa mjini zinaweza kumgharimu kibarua ujira wa siku kadhaa. Ndiyo sababu nguo na kofia hutangulia, na losheni hufuata kwa sehemu zisizofunikika: uso, masikio mbele na nyuma, shingo, mikono, mdomo wa chini.

Mjini Moshi wameonyesha kwamba njia nyingine inawezekana. Katika hospitali ya KCMC kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanzishwa mwaka 1992, kinachofundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Hapo, mfamasia kutoka Uhispania, Mafalda Soto, alianzisha pamoja na wenzake utengenezaji wa losheni iitwayo Kilisun, yenye SPF 30, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kampuni ya kemikali ya Ujerumani, BASF, ilisaidia kwa utaalamu. Miongoni mwa wanaoichanganya na kuijaza kwenye makopo wamo watu wenye ualbino wenyewe. Losheni hugawiwa bila malipo katika kliniki zinazotembea, na mtoto anapokuja kuchukua kopo lake hukaguliwa ngozi na kufundishwa kupaka. Mpango huo una busara kubwa, maana kopo ndilo linalomleta mtoto kwa daktari.

Kenya imelichukua suala hili serikalini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, bajeti ya umma imekuwa ikinunua losheni na kuzigawa bure kwenye hospitali za umma kwa walioandikishwa. Huo ni uamuzi wa kisera, na kila serikali ya ukanda huu inaweza kuufanya. Losheni kwa mtu mwenye ualbino ni dawa. Kuihesabu na vipodozi, iwe kwenye kodi au kwenye rafu ya duka, ni kosa lenye gharama ya maisha.

Na sisi weusi?

Msomaji mweusi asiache ukurasa huu akidhani haumhusu hata kidogo. Jua halimletei saratani kwa kiwango hicho, lakini saratani ya ngozi anaipata, kwa njia zake. Kovu kubwa la moto au kidonda cha mguuni kilichodumu miaka mingi kinaweza kugeuka saratani ya seli bapa, na watu wetu hukaa na vidonda hivyo mno. Saratani nyingine hatari, ile ya seli za rangi, kwa weusi hupenda kujificha kwenye unyayo, kiganja na chini ya ukucha. Bob Marley alikutwa nayo kwenye kidole gumba cha mguu mwaka 1977, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Mstari mweusi mpya unaopanuka chini ya ukucha, au doa linalokua unyayoni, uonyeshwe kwa daktari.

Na wanaojichubua kwa mkorogo wanaiondoa kwa mikono yao ile melanini ambayo mtoto mwenye ualbino angeitamani. Zebaki na haidrokwinoni vilivyomo katika krimu hizo vina madhara mengine mengi, lakini hata hili moja lingetosha kuwafanya waache.

Kila tarehe 13 Juni, tangu mwaka 2015, dunia huadhimisha siku ya kuelimisha kuhusu ualbino. Hutolewa hotuba na kugawiwa kofia. Ningependa kofia hizo zigawiwe Januari, shule zinapofunguliwa, na nyingine zibaki wodi ya wazazi mwaka mzima. Ningependa kila halmashauri ijue watoto wake wenye ualbino ni wangapi na nani aliwakagua ngozi mara ya mwisho. Hayo yanahitaji vikao. Lakini wewe mwalimu mkuu unayesoma haya huhitaji kikao. Jumatatu asubuhi mruhusu mtoto huyo avae kofia yake na mikono mirefu, mwachie nywele zake, mtoe dirishani umweke mbele ya ubao, umpe kazi za kivulini wakati wa usafi na bustani, kisha mwite mzazi wake umwelekeze kliniki ya ngozi.